Nusu ya Kidonge

Sista alikuwa mtafuta mapacha. Wengine hutafuta wateja, wengine hutafuta wachumba. Yeye akisikia kuna mwanamke kajifungua wawili huko Mlandizi, au kuna wazee pacha wanaoishi ndani ndani Kisarawe, alifunga mizani yake kwenye khanga, akatia mashine ya presha begini na kuondoka. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuwahi kumuuliza. Kati yetu, mwenye maswali alikuwa yeye.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi, na jina lilimng'ang'ania hata alipostaafu. Alikuwa jirani yetu Mbwawa kwa miaka mingi. Mimi naitwa Doto. Pacha wangu Kulwa alitangulia kutoka, nami nikafuata, kwa hiyo yeye ni mkubwa wangu. Alikuwa. Alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo, na nimelisema mapema ili mtu asije akasoma huku anangoja muujiza.

Mwanzoni watu walimwogopa. Mwanamke anayezunguka na sindano akiuliza mapacha wako wapi, anachukua damu na mate kwenye vichupa na kuvipeleka mjini, atakuwa nani kama si mumiani? Maneno yalivuma mpaka kwenye maduka ya Maili Moja. Sista hakumfuata mtu kumjibu. Siku ya mkutano wa mtaa alisimama, akakunja mkono wa gauni, akajitoa damu mwenyewe mbele ya mwenyekiti, kisha akaketi na kuomba chai. Aliweka sukari kijiko baada ya kijiko mpaka wanawake wakaanza kutazamana. Tangu siku hiyo hofu ya mumiani ikaisha, ikabaki hofu ya kumkaribisha chai, maana alikuwa anamaliza sukari ya watu.

Na ndiye huyo huyo aliyetukataza sukari. Ukimkuta kwa mtu, mkono mmoja una kikombe, mwingine unanyooshea kidole chupa ya soda ya mtoto. Kulwa aliwahi kumwambia, "Sista, na hiyo chai yako?" Akajibu bila kupepesa, "Mimi nakunywa kwa niaba yenu." Hakuwa mtu wa kuona haya. Nilipenda hilo kwake, na siku nyingine lilinichosha.

Siku ya kwanza alipokuja kwetu alikaa mkekani na Mama, sisi tukiwa wasichana wa sekondari tumesimama mlangoni, na akatueleza kazi yake kama mtu anayeeleza mapishi.

"Kuna mapacha wa yai moja," alisema. "Yai lilikuwa moja, likagawanyika, wakatoka watu wawili wenye urithi uleule. Na kuna wa mayai mawili. Hao ni ndugu wa kawaida tu, ila walipanga chumba kimoja. Sasa sisi tunawalinganisha. Ugonjwa ukionekana kuwakamata wote wawili zaidi kwa wale wa yai moja kuliko kwa wale wa mayai mawili, tunajua urithi una mkono wake. Lakini ukimkamata mmoja wa yai moja ukamwacha mwenzake, tunauliza: huyu alikula nini? Alifanya kazi gani? Nani alimuudhi?"

"Na hawa wangu?" Mama akauliza.

"Mkunga wako alisemaje?"

"Makondo ya nyuma yalikuwa mawili. Mama yangu aliyazika mwenyewe kule Kisarawe, kila moja na shimo lake."

"Basi hawa watakuwa mayai mawili," alisema Sista. "Ila tutapima mate tuhakikishe."

Mate yetu yalikwenda mjini na hayakurudi. Ndivyo utafiti ulivyo, alisema. Majibu ni ya wote, si ya mtu mmoja. Sisi hatukuwa na haraka. Kila mwaka alikuja kutupima urefu, uzito na presha, akituuliza maswali yaleyale kwa sauti ileile, na sisi tukijibu huku tunasukana nywele.

Alikuwa na usemi wake: urithi ni kiwanja, nyumba unajenga mwenyewe. Kwa watu wa Kibaha, ambao mazungumzo yao yote huishia kwenye viwanja, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa zaidi. Kiwanja cha mfinyanzi kina shida zake, lakini mwenye akili huweka msingi mzito. Cha kichanga nacho kina zake. Alisema hivyo kwa wagonjwa, kwa wanafunzi, hata kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani alipoombwa aseme mawili matatu.

Halafu kijana wake akaleta mchumba. Msichana wa Mlandizi, mpole, ana kazi, ana heshima. Sista akasikia kwamba baba mdogo wa yule msichana alikuwa na kifafa. Basi akatuma watu. Akatuma shangazi, akatuma mwalimu mstaafu, akatuma hadi fundi bomba aliyekuwa na shemeji kule, wachunguze ukoo mzima nani ameanguka na nani hajaanguka. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Sista, si ulisema nyumba unajenga mwenyewe?"

"Hayo nilikuwa nafundisha wengine," Sista akasema. "Huyu ni mwanangu."

Ndoa ilifungwa hata hivyo, na siku ya sherehe yeye ndiye aliyecheza kupita wote, viatu mkononi. Aliwahi kuniambia kwamba elimu hukaa kichwani lakini hofu hukaa tumboni, na tumbo halisomi. Alisema hivyo akiwa anakoroga chai.

Nisimfanye mtu wa vichekesho tu. Kulikuwa na wazee wawili pacha, mmoja mkulima wa mihogo Kisarawe, mwembamba kama mpini, mwingine mwenye duka la vifaa vya ujenzi Maili Moja, kitambi kimemtangulia. Urefu wao ulikuwa sawasawa, masikio sawasawa, hata upara ulianzia mahali pamoja. Yule wa duka akapatikana na kisukari. Siku hiyohiyo Sista alikwenda Kisarawe kumtafuta yule wa mihogo shambani, amlazimishe kupima. Mzee akagoma, akasema yeye haumwi, anayeumwa ni ndugu yake mlafi. Sista akakaa kwenye tuta la mihogo na kumwambia haondoki. Walipompima, sukari ilikuwa imeanza kupanda. Mzee akabadilisha alivyokula, akapewa dawa, na mpaka leo analima.

"Mmoja akipigwa, mwenzake akimbie kupimwa," alituambia jioni ile, miguu yake ikiwa na udongo mwekundu. "Hiyo ndiyo faida ya kuwa na pacha. Mnapewa taarifa mapema."

Kulwa alipigwa akiwa mjamzito. Presha ilipanda, akajifungua kabla ya wakati, na baada ya mtoto kutoka presha haikushuka. Ndoa nayo haikudumu. Alirudi kwa Mama, Mbwawa, na binti yake Mariamu, akakuta mimi sijawahi kuondoka. Hospitali walimpa vidonge vya kila siku. Sista akaja kunipima mimi, akanikuta na presha ya kawaida. Akarudi mwaka uliofuata, kawaida. Kila mwaka kawaida. Ya Kulwa ilikuwa juu na dawa anakunywa.

Hapo Sista akapata mfano wake. Alitutaja kila mahali, bila majina lakini wote walijua. "Nyumba moja, sufuria moja, mboga moja. Mmoja ana presha, mwenzake hana. Mayai mawili hayo, viwanja viwili." Nikipita sokoni niliweza kusikia watu wakinitaja kama mfano. Kulwa alichukia. Alisema anaonekana kama yeye ndiye aliyejenga vibaya.

Sasa lazima nieleze habari ya Mama na dawa.

Kwetu, mapacha hawatenganishwi kwa kitu. Ukimnunulia mmoja gauni, mnunulie na mwenzake. Ukimchapa mmoja, mwenzake naye apate japo kofi la mkono. Na mmoja akiugua, dawa wanakunywa wote, la sivyo aliye mzima atamfuata mgonjwa. Bibi alimfundisha Mama hivyo, na Mama hakuwahi kuacha. Tulipokuwa wadogo Kulwa akipata malaria, mimi nililamba dawa chungu nikiwa sina hata mafua. Kwa hiyo vidonge vya presha vilipoingia nyumbani, Mama alifanya kama alivyofanya siku zote. Asubuhi alikuwa anachukua kidonge kimoja, anakivunja kwa kisu cha kumenyea viazi, nusu anaweka kwenye sahani ya Kulwa, nusu kwenye yangu, kando ya chapati. Tulimeza na chai. Hakuna aliyelizungumza, kama vile hakuna anayezungumza habari ya chumvi kwenye mboga.

Na Sista alipouliza kila mwaka, "Doto, unatumia dawa yoyote?" nilijibu hapana. Sikumdanganya. Dawa ilikuwa ya Kulwa.

Figo za Kulwa zilichoka taratibu. Alianza kuvimba miguu, kisha uso. Mwishowe akawa anakwenda Dar kusafishwa damu, anaondoka alfajiri na kurudi jioni hana nguvu ya kuvua viatu. Vidonge vyake vya zamani vilisimamishwa, akapewa vingine ambavyo hospitali walimkabidhi mwenyewe na kumwambia asivunje. Mama akabaki na kisu chake. Mimi nikabaki bila nusu yangu, na sikuona tofauti yoyote.

Daktari aliposema Kulwa anahitaji figo, Sista alikwenda mjini kuuliza habari ya mate yetu. Alikaa huko mpaka wakayatafuta. Alirudi akaingia moja kwa moja jikoni, hakupiga hodi.

"Yai moja," alisema. "Nyie ni yai moja. Makondo mawili si kitu, yai likigawanyika mapema kila mmoja anaweza kuwa na lake. Nilifundishwa hivyo chuoni na nikakubali maneno ya mkunga kwa uvivu wangu, huku sura zenu nazitazama kila mwaka. Doto, mwili wake hautaikataa figo yako. Utadhani ni yake."

Mama alipiga vigelele. Kulwa, akiwa kitandani chumba cha pili, aliuliza kuna nini, na Mariamu akakimbia kumwambia kwamba mama mdogo atampa figo. Siku zile chache zilikuwa nzuri. Nakumbuka Kulwa akinitania kwamba figo yangu isije ikawa mvivu kama mwenyewe. Nakumbuka nilikuwa tayari, wala sikuogopa.

Nikaenda kupimwa. Presha yangu ilikuwa juu. Wakarudia siku nyingine, juu. Mkojo wangu ulikuwa na protini. Daktari akasema kwa upole kwamba figo zangu zimeanza njia ileile, na haruhusiwi kumtoa hata moja mtu wa namna yangu. Kile kilichonifanya nimfae Kulwa kuliko binadamu mwingine yeyote ndicho kilichonifanya nisimfae.

Sista alikuwa amenisindikiza. Tulipotoka alinikalisha kwenye benchi na kuniuliza polepole, si kwa sauti yake ya utafiti. Ilikuwaje presha yangu iwe kawaida miaka yote, kisha ipande ghafla mwaka huu? Nimebadilisha chakula? Nimeongeza chumvi? Kuna dawa nimeacha?

"Sikuwa na dawa," nikasema. "Labda ile nusu."

"Nusu gani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena. Alichosema ni "Uwii, Mama Kulwa," kwa sauti ndogo sana. Hakwenda kumgombeza Mama. Niliuliza kama nusu zile zingemtosha Kulwa zikiwa nzima. Akasema pengine, na pengine sivyo, na kwamba hatakaa aniambie uongo wa kunifariji wala wa kuniumiza. Baada ya hapo sikumsikia tena akitutolea mfano.

Kulwa alifariki kabla ya mvua za masika. Watu waliniuliza najisikiaje, nikawaambia nina njaa, na ilikuwa kweli. Nilikula vizuri msibani. Nilipanga viti, nilihesabu sahani, nilimkumbusha mpishi abakishe ukoko kwa watoto. Wanawake walikuwa wakiinuka kunikumbatia, wakiniona usoni, uso uleule wa Kulwa, wanarudi nyuma. Mama hakuweza kunitazama kabisa. Alizungumza nami akiangalia mikono yangu. Sikumlaumu. Mimi pia niliacha kutazama kioo, si kwa uchungu, ila kwa kutokuwa na hamu. Nilirudi kwenye cherehani yangu Maili Moja na kushona sare za shule. Sijui kama hiyo ni huzuni. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha, unauona ni wako lakini hauusikii.

Vidonge vyangu nilipewa, pakiti nzima kwa jina langu. Kila asubuhi nilivunja kimoja, nikameza nusu. Nusu nyingine nilitia kwenye kikopo cha mafuta ya mgando kilichokwisha. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mama aliona, akaniwekea chai. Kizima kilikataa kupita mkononi mwangu. Nusu ndiyo iliyokuwa fungu langu tangu mwanzo.

Wakati huo Sista alikuwa ameshahamia Kisarawe, kwenye shamba lake la mikorosho. Alikuja msibani, akalia kwa sauti, akaondoka. Nilimwona tena mwezi uliopita. Mariamu alikuwa likizo, ikanibidi niende Kisarawe kwa mambo ya kiwanja cha Bibi, nikampeleka na yeye. Tulipomaliza nikaona ni aibu kupita bila kumsalimia.

Tulimkuta uani akikausha korosho. Amekonda. Fimbo imeegemezwa kwenye ukuta.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Doto, sogea hapa nikupime."

"Sijaja kupimwa, nimekuja kukusalimu."

"Salamu nimezipokea. Leta mkono."

Akafunga mkanda, mashine ikalia, akaangalia namba kwa muda mrefu. Hakunionyesha.

"Dawa hunywi."

"Nakunywa."

"Nionyeshe."

Kikopo kilikuwa kwenye pochi. Natembea nacho, sijui kwa nini. Akakifungua akakuta zile nusu zimejaa hadi mdomoni. Nilitegemea anigombeze, ningalijua la kujibu. Yeye akatazama ndani ya kikopo, kisha akamtazama Mariamu, aliyekuwa anachagua korosho zilizobanguliwa na kuzila.

"Hizi unamwekea nani?" akauliza.

Nilinyoosha mkono anirudishie kikopo. Hakunirudishia.

"Nikuambie kitu cha mapacha wa yai moja ambacho sikuwahi kuwaambia, kwa sababu nilidhani hakiwahusu," alisema. "Ukichukua mate ya mtoto huyu na mate yako, ukayapeleka mjini bila jina, majibu yatarudi kwamba wewe ndiye uliyemzaa. Hakuna kipimo cha kawaida kitakachokutofautisha na Kulwa. Sisi tulipoteza miaka maabara kulijua hilo, na nyie mlimfundisha akuite mama mdogo tangu alipozaliwa."

"Kwa hiyo?" Sauti yangu ilikuwa mbaya, na niliisikia.

"Kwa hiyo kiwanja chenu ni kimoja, na yeye yumo humo humo. Atakuja siku moja ataniuliza, au atamuuliza mwenzangu, mbona mama alikufa na mama mdogo akafa. Tutamjibu ni damu yenu, na atakubali, atakaa angoje zamu yake. Nakuomba usimwachie jibu hilo." Akapumua. "Mimi nimeshakosea mara moja kwenu. Sina nguvu ya mara ya pili."

Mariamu aliinua kichwa, akauliza kama anaweza kuchukua korosho za kumpelekea bibi yake nyumbani. Nikasema chukua. Nilimtazama akifunga korosho kwenye ncha ya mtandio wake, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na nikaogopa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuogopa kitu chochote. Tumbo lilinikata kama njaa, ila haikuwa njaa.

Sista alimimina zile nusu kwenye kiganja chake, akachagua mbili, akazirudisha nyingine kikopini na kukiweka upande wake, mbali nami. Akanipa zile mbili.

"Hiki ni kidonge kimoja," alisema. "Ni chako chote."

Mariamu akaleta maji kwenye kikombe cha bati. Nusu yangu ilishuka kama kawaida. Ile ya Kulwa ilinikwama kooni, nikakohoa mpaka machozi yakatoka, na Sista akamwambia mtoto aniongeze maji.